Trela au lori la farasi la mtumba: namna ya kulikagua kabla ya kutoa pesa

Trela la farasi linalong'aa na trela la farasi lililo salama huweza kuuzwa kwa bei moja, na ukiyatazama kwa mbali hutayatofautisha. Wanunuzi wengi huanza ukaguzi juu: rangi, vioo, viti vya kabini, stika za ubavuni. Wakifika chini wameshalipenda gari, na mtu aliyekwisha kupenda hakagui tena, anatafuta sababu ya kukubali.

Geuza mpangilio huo. Farasi mzima huwa na uzito wa kilo 450 hadi 600 hivi. Anasafiri akiwa amesimama, anahamisha uzito wake kila kona, na akishtuka anapiga teke au anainuka. Uzito wote huo unapita kwenye sakafu, unaingia kwenye boriti za chesisi, unafika kwenye ekseli na kuishia kwenye matairi. Hivyo vyote ndivyo vitu unavyonunua. Rangi tutaifikia mwishoni, kwa sababu nayo ina mengi ya kusema kwa mtu anayejua kuisoma.

Kabla hujaenda kuliona

Beba bisibisi bapa, tochi kali, nyundo ndogo, sumaku, futi ya kupimia, glavu na boksi la kulalia chini. Kama ni trela, nenda na gari litakalolivuta, na uhakikishe plagi ya umeme inaoana.

Kwa simu, uliza mambo manne: limetengenezwa mwaka gani, sakafu imebadilishwa lini na nani aliibadilisha, lilikuwa linalala nje au ndani, na kama mikeka ya raba inaweza kunyanyuliwa yote utakapofika. Akisita kwenye swali la mwisho, umeokoa mafuta ya safari. Kama ni lori, mwombe asiliwashe kabla hujafika. Injini baridi haifichi mengi. Na ukiweza kuchagua siku, nenda siku inayofuata mvua. Paa linalovuja litajitaja lenyewe.

Namba na karatasi

Tafuta kibati cha mtengenezaji. Kwenye trela mara nyingi kimepigwa rivati upande wa mbele, karibu na ulimi, yaani ule mkono unaoungana na gari linalovuta. Kwenye lori hukaa kwenye fremu ya mlango au ndani ya kabini. Namba ya chesisi iliyoandikwa hapo lazima ifanane na ile iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, na zote mbili zifanane na karatasi za usajili, herufi kwa herufi. Magari ya miaka ya karibuni huwa na alama 17.

Rivati mpya kwenye kibati kizee, au sehemu iliyosuguliwa na kupakwa rangi pale namba ilipotakiwa kuwa, inatosha kukufanya uage. Matrela huibwa kirahisi kwa kuwa hayana injini wala ufunguo. Anachohitaji mwizi ni gari lenye ndoano. Kibati hichohicho kinaonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Kipige picha, tutakirudia.

Sakafu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Kasoro nyingine nyingi za trela hukuacha tu barabarani. Sakafu ikikatika, mguu wa farasi unashuka hadi kwenye lami huku gari likiendelea kwenda, na dereva hana njia ya kujua upesi.

Nyanyua mikeka yote, si pembe moja. Ni mizito, na muuzaji huenda akakuambia imegandishwa, au iliwekwa juzi tu. Mkeka mpya juu ya sakafu usiyoiona ni sababu ya kuunyanyua. Mkojo wa farasi ukikaa hugeuka amonia, unapenya kwenye viungio vya mbao, na chini ya raba hewa haifiki kuukausha. Juu kunabaki pazuri, chini panaliwa.

Ujue pia pa kutazama kwanza. Farasi jike hukojoa kwa nyuma, kwa hiyo kwenye trela ambalo farasi hutazama mbele, mbao zinazoharibika mapema ni za karibu na mlango wa nyuma. Dume hukojoa chini ya tumbo, kwa hiyo tazama katikati. Pembe za mbele huoza kwa sababu nyingine: maji ya mvua yanayoingia kwenye mlango mdogo wa mhudumu.

Sasa shika bisibisi. Isimamishe wima juu ya ubao, usukume kwa kiganja, kisha usogee kidogo na kusukuma tena. Ubao mzima unakataa: ncha inaacha kialama chembamba, na mkono unahisi ugumu uleule kila mahali. Ubao uliooza unameza ncha. Mara nyingine inaingia milimita mbili tatu kisha inagota, maana yake juu kumeanza kulainika na ndani bado kuna nguvu. Mara nyingine ni kinyume, na hiyo ndiyo mbaya: juu pamepakwa rangi ngumu inayozuia ncha, lakini ukibonyeza kwa nguvu zaidi rangi inapasuka na bisibisi inazama kwenye nyuzinyuzi zenye unyevu na harufu kali inayochoma pua. Usisahau ncha za mbao mahali zinapoingia kwenye fremu, mashimo ya bolti, na chini ya nguzo za kiwambo kinachotenganisha farasi. Hayo ni maeneo ambayo maji hukaa na macho hayafiki.

Baada ya hapo panda, simama kwa visigino, udunde. Mwite na mwenzako mdunde wote wawili. Sakafu ikinesa, ujiulize itafanyaje farasi mwenye viatu vya chuma atakapoweka uzito wake kwenye miguu miwili.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia kwa makini: plaiwudi mpya iliyolazwa juu ya mbao zilizooza. Ukitazama juu utaona sakafu safi, tambarare, pengine imepakwa mafuta. Tazama ukingo wake kwa tochi kutoka mlangoni, uhesabu tabaka, kisha nenda chini uone kinachobebwa na boriti ni kitu kilekile au kingine.

Sakafu ya alumini haiozi, na wauzaji hupenda kuishia hapo. Amonia hula alumini pia. Tafuta unga mweupe, vishimo vidogovidogo kama sehemu iliyodonolewa, na nyufa kwenye mistari ya kuchomelea. Pabaya zaidi ni pale alumini inapogusana na bolti au boriti ya chuma cha kawaida: metali mbili tofauti zikikutana kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Gonga kwa nyundo ukisogea taratibu. Sauti ikibadilika ghafla ikawa fupi na nzito, simama hapo uchunguze.

Sakafu ya mbao iliyooza si lazima iue biashara. Fundi mzuri huibadilisha kwa siku chache, na kama boriti za chini ni nzima, gharama yake unaikata kwenye bei. Kinachoua biashara ni sakafu mbovu juu ya chesisi mbovu.

Lala chini

Trela liwe limefungwa kwenye gari, au magurudumu yawekewe vizuizi pande zote mbili. Usiingie chini ya kitu kilichoshikiliwa na jeki peke yake.

Mulika boriti moja baada ya nyingine. Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya kahawia inayotoka kwa kusugua kidole, ni umri tu. Kutu inayobanduka kwa magamba ni chuma kinachoondoka. Gonga: chuma kizima kinalia, kilichochoka kinatoa sauti iliyokufa na vumbi jekundu linadondoka usoni, kwa hiyo funga mdomo. Chesisi iliyopakwa zinki huwa ya kijivu. Tafuta mahali zinki ilipotobolewa, hasa kwenye viungio vilivyochomelewa baadaye, kwa kuwa aliyechomelea aliiunguza na pengine hakuirudishia kinga.

Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi au lami, usivutiwe. Angalia kama rangi hiyo imepita juu ya tope, juu ya nyaya za umeme, juu ya nati. Mtu anayetunza gari husafisha na kukwangua kabla ya kupaka. Anayeficha hupuliza tu.

Ekseli za matrela mengi hazina springi unazoziona. Ndani ya bomba la chuma kuna raba zinazojipinda gurudumu linapopanda. Raba hizo huchoka kwa umri hata kama trela limesimama. Simama nyuma hatua kumi, uchutame, ulinganishe pande mbili. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, au sehemu za juu za magurudumu zikiinamia ndani, raba zimekwisha. Ekseli ya aina hiyo haikarabatiwi, hubadilishwa nzima, nayo ni moja ya gharama kubwa kwenye trela. Kama ni springi za majani, tafuta jani lililovunjika na pini zilizolegea. Kazi hiyo ni nyepesi zaidi.

Kichwa, breki na waya

Kikombe cha kwenye ncha ya ulimi, kinachokaa juu ya tufe la chuma la nyuma ya gari linalovuta, hulika ndani. Vikombe vingi vya siku hizi vina kialama kinachoonyesha kama kimekaa sawa na kama kimekwisha. Kifunge kwenye gari ukisome. Pima pia ukubwa. Ulaya tufe ni la milimita 50. Marekani yanayotumika zaidi ni ya inchi 2 na ya inchi 2 5/16. Trela lililotoka upande mmoja wa dunia huenda lisikae vizuri kwenye tufe la upande mwingine, hata kama linaonekana limeingia.

Breki za matrela ni za aina mbili kubwa. Za kusukumwa hufanya kazi trela linapolisukuma gari wakati wa kupunguza mwendo: fimbo ya ulimi inaingia ndani, inavuta vyuma na nyaya, viatu vya breki vinabana. Ili kuijaribu, vuta breki ya mkono kisha usukume fimbo hiyo kwa nguvu. Inapaswa kukukatalia na kurudi polepole. Ikiingia kirahisi na kugota kwa kishindo, kile kizuia-mshtuko cha ndani kimekufa, na utakisikia kila ukipunguza mwendo. Farasi atakisikia zaidi. Halafu, breki ya mkono ikiwa imevutwa, sukuma trela zima kurudi nyuma. Litasogea kidogo, kisha lishike.

Za umeme zinategemea kifaa kwenye gari linalovuta, na huwa na betri ndogo kwa ajili ya dharura. Vuta pini ya waya wa dharura, ule unaofunga breki trela likichomoka kwenye gari, usogeze gari taratibu kabisa: magurudumu yagome. Yasipogoma, betri imekufa au waya umekatika, maana yake trela likichomoka barabarani hakuna kitakacholisimamisha. Aina yoyote iwayo, waya wa dharura uwepo, usiwe na kutu, usiwe na fundo alilofunga mtu kwa haraka.

Taa zijaribu zote, mwenzako akiwa nyuma. Taa moja iliyokufa ni balbu. Taa zinazopokezana wazimu, ukiwasha hii inawaka ile, ni waya wa ardhi uliooza, na kuutafuta kunaweza kula siku nzima.

Matairi hayadanganyi umri

Matrela ya farasi hukaa sana na kutembea kidogo, kwa hiyo matairi hufa kwa uzee kabla ya kulika. Usitazame meno pekee. Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Kama ziko tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halina mjadala. Ukivuka miaka sita, hesabu kwamba utanunua mengine. Ukivuka kumi, usilivute hata kulipeleka nyumbani. Pinda ubavu kwa kidole gumba na umulike mipasuko myembamba. Tazama pia tairi la akiba, ambalo mara nyingi ndilo lililokuja na trela kiwandani. Na namba ya uwezo wa kubeba iliyoandikwa ubavuni itoshe uzito wa kwenye kibati: matairi ya gari dogo kwenye trela la farasi ni jambo la kawaida kuliko inavyopaswa.

Kila upande wa tairi una hadithi. Likilika ndani tu au nje tu, rudi kwenye ekseli.

Piga jeki gurudumu mojamoja, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Lizungushe usikilize, mkwaruzo kama mchanga ni beringi kavu. Beringi ni bei nafuu kubadilisha na ghali sana kupuuza.

Daraja, viwambo na mahali farasi anaposimama

Daraja ni ule mlango wa nyuma unaoshuka farasi apandie. Lishushe ukiwa umesimama pembeni, kamwe si mbele yake, kwa sababu springi zake hubeba nguvu nyingi na zikikatika linaanguka lote. Mtu mmoja mzima aweze kulishusha na kulipandisha bila kukunja uso. Likiwa zito, springi zimechoka au mbao za ndani zimenywa maji. Tembea juu yake, dunda katikati. Choma kwa bisibisi ukingo wa chini unaogusa ardhi, ambao ndio huanza kuoza, na mahali bawaba zilipofungwa. Bawaba zenyewe zitazame kwa tochi: pini iliyolika ukubwa wa nusu haionekani mpaka daraja linyanyuliwe kidogo na kutikiswa.

Ingia ndani na ufunge milango. Subiri dakika moja. Miale ya mwanga inayopenya mahali pasipo dirisha ni mahali mvua inapopenya. Pua nayo itakuambia: harufu ya farasi ni ya kawaida, harufu ya ukungu si ya kawaida.

Sasa vyuma vya kifuani na vya nyuma, vile vinavyomzuia farasi asisogee mbele au nyuma. Vining'inie. Ndiyo, weka uzito wako wote. Farasi anayesukumwa mbele na breki ya ghafla atafanya hivyo na zaidi. Kisha jaribu kuvifungua vikiwa vimebeba uzito huo, mwenzako aning'inie wewe ufungue. Farasi akipandisha miguu ya mbele juu ya chuma cha kifuani, anakwama, na mtu wa kumsaidia lazima aweze kukiachia, ikiwezekana akiwa nje. Pini iliyoshika kutu ni kasoro ndogo siku ya kununua na janga siku hiyo nyingine.

Pitisha kiganja, bila glavu lakini taratibu, kwenye kuta kutoka sakafuni hadi usawa wa bega lako. Unatafuta ncha za skrubu, rivati zilizochomoka, kona za bati. Farasi hujikwangua kwa kila kitu kilichopo. Viwambo viende na kurudi bila kugoma, na mto wa raba usiwe umepasuka ukabaki ubao mtupu.

Pima kimo. Matrela mengi ya farasi wakubwa yana karibu mita 2.3 ndani, farasi wa sentimita 165 mabegani akiingizwa kwenye la mita 2 atasafiri ameinamisha shingo, na safari ya pili atakataa kupanda. Matundu ya hewa yafunguke na kufungika. Na mlango wa mhudumu ufunguke kwa ndani pia, kwa sababu mtu aliyenaswa kando ya farasi mwenye hofu anahitaji njia ya kutokea.

Hesabu ya uzito

Rudi kwenye picha ya kibati. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari likiwa tupu, kinachobaki ndicho unachoweza kubeba. Sehemu hii huwaangusha zaidi wanunuzi wa malori madogo ya tani 3.5, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa wa lori pamoja na mzigo wake. Chukulia lori lenye uzito wa kilo 2,500 likiwa tupu: kimebaki kilo 1,000. Farasi wawili, mmoja wa kilo 500 na mwingine wa 550, tayari umezidisha, na bado hujampandisha dereva, hujaweka matandiko, wala lita 40 za maji ambazo ni kilo 40 kamili. Tangazo linaweza kusema "la farasi wawili" kwa sababu lina nafasi mbili. Nafasi haibebi uzito.

Usiuamini uzito wa kwenye karatasi ikiwa mtu ameongeza kabati, tangi, jiko au kitanda. Lipeleke kwenye mizani ya magari, na upime ekseli ya nyuma peke yake pia, maana lori linaweza kuwa ndani ya jumla na bado limezidisha nyuma. Kwa trela, linganisha na uwezo wa kuvuta wa gari lako na aina ya leseni yako. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, lakini uwezo wa kuvuta wa gari haubadiliki kwa kuvuka mpaka.

Kama ni lori

Yote ya sakafu, daraja na viwambo yanabaki. Yanaongezeka haya.

Uliza nani alijenga bodi. Malori mengi madogo ya farasi yalianza maisha kama magari ya mizigo, na sakafu ya bati nyembamba ya kiwandani haikuundwa kwa kwato. Tazama chini uone boriti za ziada, na namna bodi ilivyofungwa kwenye chesisi: bolti zenye vibano imara, au mistari ya kuchomelea ya mtu aliyekuwa na haraka. Kuta ziwe na mbao au raba ya kuzuia mateke, na kati ya farasi na kabini kuwe na ukuta wa kweli.

Washa injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua. Kama breki ni za upepo, subiri upepo ujae, zima injini, nyamaza usikilize: mlio wa sss mahali fulani ni uvujaji, na mshale wa kipimo ukishuka upesi umepata jibu. Ingia sehemu ya farasi injini ikiwa inaunguruma na milango imefungwa. Ukisikia harufu ya moshi hata kidogo, tafuta tundu. Farasi hawawezi kufungua dirisha.

Kilomita chache zisikulevye. Lori la farasi lililokaa miezi mingi kila mwaka lina mipira ya breki iliyokauka, tangi lenye kutu, breki zilizoshikana. Napendelea lile lililotembea na lina risiti za fundi kuliko lililolala likangoja mnunuzi. Kabini yenyewe huoza kwenye ngazi, juu ya magurudumu na pembeni mwa kioo cha mbele. Kama kuna jiko la gesi, mabomba yake yakaguliwe na mtu mwenye ujuzi wa gesi kabla hujalala humo hata usiku mmoja.

Sasa sura

Rangi iliyofifia, ukijani wa kuvu ubavuni, stika zilizochanika: hayo ni sabuni na siku moja ya kazi. Usilikatae gari kwa hayo. Yatumie kupunguza bei. Ninachokitazama ni mabonde, yaani mahali bati limebonyea ndani au limetokeza nje. Bonde lililotokeza nje lilipigwa kwa ndani, na kwato. Moja si neno. Mengi upande mmoja, kwa usawa mmoja, maana yake kuta hazina kinga ya kutosha, au viwambo ni vyembamba kuliko farasi aliyekuwa akisafiri. Bonde lililoingia ndani lilipigwa na nguzo au gari jingine, na hapo rudi chini uangalie kama chesisi imenyooka. Piga futi kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili visipokaribiana, gari limepinda.

Pitisha sumaku kwenye bati la chuma. Mahali inapoachia pamejazwa puti. Kwenye alumini haitashika popote, hilo si kosa. Kwenye faibaglasi tafuta nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye bawaba na taa. Rangi iliyorukia kwenye raba za madirisha inaonyesha gari lilipakwa bila kufunguliwa, na swali linalofuata ni kwa nini lilipakwa mwezi mmoja kabla ya kuuzwa. Panda ngazi utazame paa: silikoni iliyorundikwa juu ya silikoni nzee ni mtu aliyepambana na mvua na kushindwa. Chini yake, ndani, utakuta plaiwudi iliyovimba.

Na tazama vitu vidogo. Grisi kwenye kikombe, kofia kwenye plagi, sakafu iliyosuuzwa, kamba zilizokunjwa. Hayo hayapakwi rangi siku ya mwisho.

Barabarani, kisha bei

Livute au liendeshe dakika ishirini, barabara mbovu ikiwemo. Likiwa tupu trela litapiga kelele zaidi, hilo ni kawaida, lisiyumbe pembeni. Funga breki mara moja kwa nguvu kwenye barabara nyoofu isiyo na watu, uone kama linavuta upande. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kugusa kwanza. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, kuna beringi au breki inayokwaruza.

Bei ijadiliwe ukiwa na orodha mkononi: matairi, mbao, springi za daraja, kila kimoja na gharama yake uliyoulizia kwa fundi. Muuzaji wa kweli ataisoma na kujibu kipengele kwa kipengele. Namba iliyosuguliwa, chesisi iliyopinda au iliyotoboka haviingii kwenye orodha hiyo, havina punguzo linalotosha. Na kama huna uhakika na breki au chesisi, mlipe fundi wa matrela asiyemfahamu muuzaji.

Ukilileta nyumbani, kaza nati za magurudumu kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, utembee kilomita 50 hadi 100, kisha uzikaze tena, hasa kama magurudumu yalifunguliwa. Siku ya kwanza ya farasi, fungua daraja na viwambo, weka chakula mbele, umpandishe na kumshusha bila kwenda popote. Akikataa kuweka mguu wa pili, kagua tena sakafu hapo alipokanyaga.